Uliza Mwamba Uko Wapi

Likizo ya Desemba ikikaribia, tiketi za treni kutoka Nairobi kwenda Mombasa huisha mapema, mabasi huongeza safari za usiku, na kivuko cha Likoni hujaa watu wanaovuka kwenda Diani kwa mara ya kwanza. Zamani mgeni wa bara alitosheka na mambo machache: kuoga maji ya chumvi, kupigwa picha juu ya ngamia, kula viazi vya karai jioni na kurudi nyumbani na korosho. Siku hizi kuna kizazi kinachotaka zaidi. Kinataka kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi hadi mchangani.

Sishangai. Mchezo wa kupanda mawimbi uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Miaka mitatu baadaye, waandalizi wa Paris waliupeleka mbali kabisa, Teahupo'o kisiwani Tahiti, ambako Kauli Vaast, kijana wa hukohuko, alitwaa dhahabu kwenye mawimbi aliyokulia. Picha zile zilifika kwenye simu za vijana wa mtaa wa Umoja jijini Nairobi na wa Kisumu, Kampala na Arusha. Swali lao ni la haki: ikiwa bahari ni yetu, mbona mchezo si wetu?

Nawaunga mkono. Ugomvi wangu ni na biashara inayowapokea wakifika. Pwani yetu inakodisha mbao, inauza picha, inauza machweo, lakini kile ambacho mwanafunzi anakihitaji kuliko ubao, yaani maarifa ya maji ya mahali pale, ni nadra kukiona kwenye orodha ya bei. Kipo, tena kwa wingi, vichwani mwa watu wanaoshinda ufukweni hapohapo. Hatukithamini, kwa hiyo hatukilipii.

Agosti fulani, katika hoteli kusini mwa Mombasa, nilimtazama kijana wa miaka ishirini na kitu akikodi ubao. Mhudumu alimuuliza namba ya chumba. Akamuuliza atalipa taslimu au kwa simu. Akampa fomu ya kutia saini kwamba ubao ukivunjika gharama ni yake. Hakumuuliza kama anajua kuogelea. Fomu nzima ilihusu usalama wa ubao.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa Wazungu na kila mtu abebe msalaba wake. Historia haikubaliani nao. Katika miaka ya 1640, Mjerumani Michael Hemmersam, aliyekuwa pwani ya Ghana ya leo, aliandika kuhusu wazazi waliowafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini ili wajifunze kuogelea, na mwanahistoria Kevin Dawson anahesabu maandishi hayo miongoni mwa ushahidi wa kale wa Waafrika kucheza na mawimbi. Huko Hawaii machifu na raia, wanaume kwa wanawake, walipanda mawimbi karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza kushuka melini. Kwa hiyo tuliweke kando hilo la nani mwenyewe. La maana zaidi ni namna wenyewe walivyoufundisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watalii walianza kumiminika Waikiki, Honolulu. Mawimbi ya pale huja marefu na ya taratibu, na waliowafundisha wageni walikuwa wenyeji wa ufukwe ule, wanaume waliokulia majini. Aliyejulikana kuliko wote ni Duke Kahanamoku. Watu humkumbuka kama baba wa mchezo huu wa kisasa, yule aliyewaonyesha watu wa Sydney jinsi ya kusimama juu ya ubao katika kiangazi cha 1914 kuelekea 1915. Husahau kwamba kwanza alikuwa mwogeleaji, mshindi wa dhahabu ya mita 100 Stockholm mwaka 1912. Na husahau lile la 1925: boti iitwayo Thelma ilipopigwa na mawimbi ikapinduka Corona del Mar, California, Kahanamoku aliingia na ubao wake, akatoka, akaingia tena, akaokoa watu wanane. Mwaka 1968 Eddie Aikau alipewa kazi ya uokoaji katika ufukwe wa kaskazini wa kisiwa cha Oahu, Hawaii, wenye mawimbi ya kutisha, na jina lake likawa kubwa kwa watu aliowatoa majini kama lilivyokuwa kwa mawimbi aliyoyapanda.

Nenda Kuta, Bali, ambako maelfu ya watalii wasiojua lolote hukodi ubao kila mwaka. Wapo akina kaka wenyeji wanaofundisha palepale mchangani, na ipo timu ya waokoaji, Balawista, yenye minara na bendera. Yaani kokote mchezo huu ulikotia mizizi, mpanda wimbi na mwokoaji walikua pamoja, mara nyingi ndani ya mtu mmoja. Sisi tumeagiza ubao na kumwacha mwokoaji bandarini.

Hasara yake ni kubwa kwetu kuliko ambavyo ingekuwa Kuta, kwa sababu pwani yetu haifanani na ile. Kuta ni mchanga mtupu chini. Kwetu, kutoka kusini hadi karibu na Malindi, kuna mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi kavu. Simama Diani maji yakiwa yamekupwa, utauona kwa mbali: mstari mweupe wa povu, mita mia kadhaa kutoka ulipo. Pale ndipo wimbi la bahari kuu linapovunjika. Huku ndani maji ni shwari, ya rangi ya zumaridi, na mgeni anadanganyika mara mbili. Kwanza anaona hakuna mawimbi ya kuchezea, kwa hiyo anafunga safari kwenda kwenye povu. Pili anadhani maji yaliyotulia ni maji yaliyosimama.

Maji ya ndani ya mwamba hayasimami. Wimbi linapovunjika juu ya mwamba, maji yake humwagikia ndani. Linalofuata huongeza, na jingine huongeza. Hayawezi kurudi yalikopitia kwa sababu mengine yanayasukuma kwa nyuma, kwa hiyo hutafuta njia, na njia ni mlango, ule mwanya katika mwamba. Ni kama beseni unalolimiminia maji bila kukoma huku lina tundu moja ubavuni. Maji yakianza kupwa, tundu hilo hubeba mizigo miwili kwa pamoja, maji ya mawimbi na maji ya bahari nzima inayorudi nyuma. Na hapo mlangoni hakuna povu wala wimbi. Panang'aa. Mgeni huona ndipo mahali salama pa kuogelea. Mvuvi huona ndipo njia ya kutokea na ngalawa yake.

Kaskazini mambo hubadilika. Mto Sabaki, ule ule ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, humwaga tope lake baharini juu kidogo ya Malindi. Matumbawe hayastahimili tope wala maji matamu, kwa hiyo mwamba hukatika, na ghuba ya Malindi hubaki wazi. Ndiyo sababu mawimbi ya Malindi hufika hadi mchangani, hasa Julai na Agosti, kusi ikivuma. Mtu akinishika mkono akaniuliza ajifunzie wapi katika pwani ya Kenya, nitamwelekeza mahali pa namna hiyo kabla ya kumwelekeza mwambani. Akianguka atakutana na mchanga. Ila akae mbali na mdomo wa mto wenyewe. Mna viboko mle, na maji mekundu huficha kila kitu.

Mchanga nao una hila zake. Mawimbi huchonga chini vichuguu na mifereji, na maji yaliyoletwa ufukweni hurudi baharini kupitia mfereji wenye kina zaidi. Kwa juu utaona ukanda mweusi kidogo, usio na mawimbi, kati ya sehemu mbili zinazovunjika povu. Mfereji wa leo si lazima uwe pale kesho. Mwongozo wa mwaka jana haukusaidii kitu. Anayekusaidia ni mtu aliyeyatazama maji asubuhi ile.

Zanzibar, upande wa mashariki, mchezo uliostawi ni wa ubao unaovutwa na tiara. Paje na Jambiani hupata upepo wa kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na maji ya ndani ya mwamba ni mafupi kwa eneo kubwa. Lakini maji hayo ni shamba pia. Wanawake wa vijiji vile wanapanda mwani kwa vigingi na kamba. Mwanafunzi asiyeonyeshwa mipaka ya mashamba huvunja kazi ya mtu na kujichana miguu kwa wakati mmoja. Hapo tena, mwenye kujua mpaka ni mwenyeji.

Kuna jambo moja la saa ambalo sijaliona kwenye kijitabu cha hoteli, na laiti lingechapishwa kwenye mlango wa kila chumba. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, hapa Mombasa na jirani zake, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Sasa mfikirie mgeni wa bamvua. Anamaliza chai saa tatu na nusu, anafika ufukweni saa nne, anakuta maji yako mbali. Furaha iliyoje! Anatembea na ubao wake hadi karibu na mwamba, maji yakimfika magotini, huku akiruka wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Anacheza. Saa nane anageuka, na pale alipopita kwa miguu ni bahari. Kama hawezi kuogelea masafa hayo, ubao ndio uhai wake. Mwenzake aliyelala mchana anashuka saa kumi na moja, jua limepoa, muziki umeanza, watu wote wako majini. Hiyo ndiyo saa wageni wanaipenda kuliko zote, na katika siku za bamvua ndiyo saa maji yameanza kutoka.

Mzee mmoja wa Galu, jirani ya Diani, mvuvi, alikuwa akishona wavu siku niliyopita na rafiki mwenye ubao kwapani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akayatazama maji kwa muda. “Mwanangu, leo yanatoka kwa nguvu,” akasema. “Mwambie mwenzio achezee huku. Asivuke ule mnazi ulioinama.” Hayo ndiyo mafunzo yote ya usalama aliyoyapata rafiki yangu siku ile, na aliyapata bure, kwa mtu ambaye hoteli ya jirani haimruhusu kusogelea viti vyake.

Na ukishavutwa? Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo watu wanapokufa. Mkondo wa kuvuta hukupeleka nje. Haukuzamishi chini. Kinachozamisha ni uchovu wa kushindana nao. Mikondo iliyo mikali zaidi imepimwa ikikimbia hadi mita 2.5 kwa sekunde. Pan Zhanle wa China alipovunja rekodi ya dunia ya mita 100 kule Paris mwaka 2024, kwa sekunde 46.40, alikuwa akienda zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde, katika dimbwi lisilo na wimbi. Mikondo mingi ni ya polepole kuliko hiyo, lakini hata ule wa polepole utamshinda mtu aliyeshiba pilau. Kwa hiyo usiogelee kurudi ulikotoka. Lala juu ya ubao, ushike kingo zake, uvute pumzi. Inua mkono mmoja juu ili walioko nchi kavu wajue una shida. Ukipata nguvu, piga makasia kwa mikono kuelekea ubavuni, sambamba na ufukwe, upande ule mawimbi yanakovunjika, kwa sababu povu ndilo linalorudi nchi kavu. Mkondo hupungua nguvu ukishavuka eneo la mawimbi. Lakini ukiwa umetoka kwa mlango wa mwamba maji yakipwa, usitarajie mawimbi yakurudishe juu ya matumbawe bila kukuchana. Kaa na ubao na usubiri boti. Kosa baya kuliko yote ni kuuacha ubao ili uogelee haraka. Ubao unaelea hata wewe ukichoka.

Walioko ufukweni nao wajue kwamba anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Kinywa chake kiko sawa na maji, pumzi ikipatikana ni ya kuvuta, haibaki ya kuita. Kwa mbali anaonekana kama mtu anayecheza. Na anayerukia majini mikono mitupu kumwokoa mara nyingi hugeuka kuwa maiti ya pili. Tupa kitu kinachoelea: tyubu, dumu tupu lililofungwa, kamba.

Turudi kwenye somo lenyewe. Mwalimu anayejua kazi utamtambua kabla hujalowa. Atakuuliza unaweza kuogelea umbali gani na kama una maradhi. Atakuweka mchangani na kukuonyesha mawimbi kwa kidole: yanavunjikia wapi, maji yanatokea wapi, mwamba uko wapi, utaingilia wapi na utatokea wapi. Atakulaza kifudifudi juu ya ubao ulio nchi kavu na kukufanya uinuke mara nyingi hadi mabega yalalamike. Ubao atakaokupa ni mkubwa, mpana, wenye mgongo laini wa sponji. Ukipewa ubao mfupi, mgumu, wenye pezi kali kwa sababu ndio uliobaki, mshukuru na uondoke. Kamba ya ubao atakufunga mguu wa nyuma. Na atakupeleka kwenye povu la maji ya kiunoni, mawimbi yaliyokwisha kuvunjika, si kwenye wimbi kamili. Anaingia nawe. Anayebaki kivulini na simu yake ni mkodishaji, hata kama fulana yake imeandikwa mwalimu.

Kuanguka nako kuna adabu yake. Anguka bapa, kwa mgongo au ubavu, usichupe kwa kichwa, maana hujui chini kuna kina gani. Ukiibuka, tanguliza mikono juu ya kichwa, ubao unaweza kuwa unashuka. Usiuweke ubao kati yako na wimbi linalokuja, utakupiga meno. Wimbi moja ni la mtu mmoja, na aliye karibu na linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye haki. Matumbawe yakikuchana, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, utoe kila chembe, kwa sababu majeraha hayo huoza upesi katika joto letu. Samaki mwenye sumu, taa akiwemo, akikuchoma mguu, uuloweke katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia na uelekee hospitali.

Watu watauliza kuhusu papa. Huko Réunion, baada ya mashambulizi kadhaa, serikali ilipiga marufuku mchezo huu mwaka 2013 nje ya maji yaliyozingirwa na mwamba na maeneo yenye ulinzi. Kwetu, mtu anayeogopa papa na haogopi maji yanayokupwa amechagua adui asiye wake.

Ninalotaka kulisema kwa ukali ni hili la kuogelea. Kama huwezi kuvuka mita 50 bila kushika kitu, na kuelea chali kwa dakika kadhaa bila hofu, usikodi ubao mwaka huu. Pesa hizo mlipe mwalimu wa kuogelea, hata kama ni kwenye dimbwi la hoteli Nakuru. Ubao hauchukui nafasi ya kuogelea, kamba hukatika. Wala hili si la watu wa bara peke yao. Wako wengi waliozaliwa mita mia kutoka baharini wasiojua kuogelea, wanawake hasa, kwa sababu za heshima na mavazi. Kule Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje uliamua kutobishana na jambo hilo: wasichana walivalishwa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, wakafundishwa kuelea na kuokoana. Hakuna aliyeitupa dini yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walizama na kufa duniani, na Afrika ni miongoni mwa kanda zilizoumia zaidi. Kuogelea ni chanjo, na shule zetu nyingi hazina hata sindano.

Pombe nitaipita haraka kwa kuwa kila mtu anaijua na hakuna anayesikia. Aliyekunywa asiingie. Basi.

Sasa, nani alaumiwe mgeni anapozama? Hapa ndipo penye utamu wa kupeana mpira. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma, inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Mwenye hoteli husema: ufukwe si wangu. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linazipa kaunti utalii wa maeneo yao na kukabiliana na majanga. Kaunti husema: mgeni ni wa hoteli, na maji ni ya serikali kuu. Serikali kuu ina Kikosi cha Walinzi wa Pwani tangu 2018, chenye kazi za kukabili uvuvi haramu na magendo, na uokoaji kwenye maji ya nchi nzima. Huwezi kukiomba kisimame kwenye ufukwe wa Pirates, Mombasa, siku ya mwaka mpya kuhesabu vichwa vya watoto.

Hoja yangu kwa wenye hoteli ni fupi. Mna askari getini wa kufungua boneti za magari, na mwingine wa kuzuia wachuuzi wasikaribie viti. Ufukwe huwa wenu wakati wa kufukuza watu na huwa wa umma wakati wa kuokoa watu. Mkikodisha hata ubao mmoja, mna wajibu wa kuweka macho mawili yasiyo na kazi nyingine ila kutazama maji.

Na macho hayo yapo. Wale mnaowaita mabichiboi Mombasa na mapapasi Unguja, baadhi yao ni wasumbufu, sikatai. Nimewahi kuuziwa safari ya pomboo mara nne katika hatua mia. Lakini miongoni mwao wako vijana wanaojua kila mlango wa mwamba, wanaoogelea tangu hawajaota meno ya pili, na ambao ndio huingia majini kwanza mtu akipotea, bila mshahara wala bima. Kwa kweli ndio waokoaji tulio nao. Chama cha kimataifa cha mchezo huu, ISA, kina kozi ya walimu, na humtaka mwalimu awe na cheti cha uokoaji majini kabla ya kutambuliwa. Kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi zinaweza kuwalipia vijana hamsini kozi hizo kwa pesa zinazoliwa na tamasha moja la utalii. Wapewe sare, redio, mbao za kuokolea, bendera za kuweka pale maji yalipo salama kwa siku hiyo. Na hoteli zichangie mshahara, kwa kuwa ndizo zinazovuna.

Hadi hilo litendeke, msomaji, uamuzi uko mkononi mwako wewe mwenye pesa. Ukifika ufukweni na mtu akakunyooshea ubao, muulize mwamba uko wapi, maji yataanza kupwa saa ngapi, na ataingia nawe au hataingia. Akibabaika kwenye hata swali moja, mrudishie ubao wake na udai pesa yako yote.